Mpira wa Vinyoya kwa Mchezaji wa Jioni: Mapigo na Mbinu Zinazofaa Kumbi Zetu za Uganda

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchezaji wa mpira wa vinyoya hulihisi jambo hilo tangu pigo la kwanza, kwa sababu hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam na kinyoya hakizuiwi vya kutosha kinapokwenda, kikapita mstari wa nyuma ingawa pigo lilikuwa zuri. Nimewaona wageni wengi kutoka pwani wakiangalia raketi zao kwa mshangao kana kwamba nyuzi zimewasaliti. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yetu sisi tunaocheza badmintoni baada ya kazi, mara moja au mbili kwa wiki, katika ukumbi wa shule au wa klabu ambako viwanja ni vichache na watu wanaosubiri zamu ni wengi. Hatuna kocha wa kudumu, lakini tunaupenda mchezo na tungependa kuucheza vizuri kuliko tunavyoucheza sasa.

Kabla ya hatua zenyewe, iko kanuni moja ambayo mapigo yote yatakayofuata yanaitegemea. Anayekigusa kinyoya kikiwa juu ya ukingo wa wavu anaweza kukielekeza chini, na anayekigusa kikiwa kimeshashuka chini ya ukingo huo hana budi kukiinua, jambo linalompa mwenzake nafasi ya kushambulia. Kwa hiyo kila unapopiga, swali la kujiuliza ni hili: mpinzani atakifikia kinyoya kikiwa wapi? Mchezaji wa kawaida hujiuliza atapiga kwa nguvu kiasi gani, na hapo ndipo anapopoteza pointi nyingi.

Hatua ya kwanza: chagua kinyoya na uujue uwanja

Kinyoya halisi kina manyoya 16 na uzito wa kati ya gramu 4.74 na 5.50. Kwenye mkebe wake huandikwa namba ya mwendo, kwa kawaida kati ya 75 na 79, na watengenezaji wengine huandika 1 hadi 5 badala yake. Namba ndogo ni ya kinyoya cha polepole. Mahali penye joto au palipo juu kama kwetu panahitaji namba ndogo, kwa hiyo dukani usikubali kupewa mkebe wowote uliopo, bali omba 75, au 76 ikiwa hiyo ya kwanza imekwisha. Kwa vinyoya vya plastiki, ambavyo ndivyo tunavyovitumia wengi wetu kwa sababu hudumu, angalia utepe wa rangi: kijani ni polepole, buluu ni wastani, na nyekundu ni kasi. Hapa Uganda kijani ndiyo rangi yetu.

Kukijaribu ni rahisi. Simama kwenye mstari wa nyuma, kipige kwa nguvu zako zote kutoka chini kwenda juu, sambamba na mstari wa pembeni. Kinyoya kinachofaa huanguka kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kikipita hapo ni cha kasi mno, na sheria za mchezo zenyewe huruhusu kukirekebisha mahali ambapo mwinuko au hali ya hewa imefanya kinyoya cha kawaida kisifae. Wengi hukunja kidogo ncha za manyoya kwenda nje ili kipunguze mwendo.

Uwanja una urefu wa mita 13.40. Upana wake ni mita 6.10 kwa wachezaji wanne na mita 5.18 kwa wawili. Wavu una kimo cha mita 1.55 kwenye nguzo na mita 1.524 katikati. Chukua futi ya fundi ukaupime, kwani katika kumbi nyingi wavu hulegea katikati, na wachezaji huzoea mapigo ambayo hayatapita siku watakapokutana na wavu uliokazwa.

Kuhusu viatu nitasema machache: vaa viatu vya ndani vyenye soli bapa ya mpira. Viatu vya kukimbilia barabarani vina kisigino kirefu na laini, navyo huupindua mguu unapogeuka kwa ghafla.

Hatua ya pili: mshiko

Shika raketi kama unavyompa mtu mkono wa salamu, huku ukingo wa kichwa cha raketi ukitazama sakafu. Kati ya kidole gumba na cha shahada ionekane nafasi yenye umbo la herufi V. Huu ndio mshiko wa upande wa kiganja. Kwa upande wa pili, yaani mgongo wa mkono, geuza raketi kidogo na ulaze kidole gumba juu ya ubapa mpana wa mpini, ili kidole hicho ndicho kisukume.

Kosa lililoenea zaidi katika kumbi zetu ni kuishika raketi kama mtu ashikavyo kipepeo cha kupepea sigiri, uso wa nyuzi ukitazama mbele moja kwa moja. Mshiko huo humfaa mtu aliyesimama karibu kabisa na wavu kwa pigo la kumaliza, lakini ukiwa nyuma hukunyima nguvu zote, kwa kuwa kigasha hakiwezi kujizungusha. Aliye na mazoea haya kwa miaka mingi atahisi, wiki mbili za kwanza za kubadilisha, kwamba amesahau kucheza kabisa. Namwomba avumilie, kwa sababu hakuna badiliko jingine katika mwongozo huu litakalomlipa kiasi hicho.

Vidole viwe vyepesi wakati wote, na uvikaze katika nukta ile tu ya kukigusa kinyoya. Mkono uliokazwa tangu mwanzo hauna nguvu iliyobaki ya kuongeza.

Hatua ya tatu: miguu

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kwa muda mrefu. Pigo baya kwa kawaida ni matokeo ya miguu iliyochelewa, na mwenye kuchelewa hata akiwa na mkono mzuri atakigusa kinyoya kikiwa kimeshashuka, akarudi kwenye ile kanuni ya mwanzo akiwa upande wa kushindwa.

Simama katikati ya eneo lako, magoti yamekunjwa kidogo, uzito kwenye vidole vya miguu, raketi imeinuliwa mbele ya kifua. Kila mara mpinzani anapokaribia kupiga, ruka kidogo sana, sentimita chache tu, ili utue kwa miguu yote miwili wakati uleule anaokigusa kinyoya. Mruko huo mdogo ndio unaokupa msukumo wa kwenda upande wowote. Asiyeruka huwa amesimama wima, na mtu aliyesimama wima hupoteza hatua nzima kabla ya kuanza kwenda.

Ukienda mbele, hatua ya mwisho na iwe ndefu, ya mguu ulio upande wa mkono wa raketi. Kisigino kitue kwanza, vidole vielekee kule unakokwenda, na goti lisipite ncha ya kiatu. Ukienda nyuma, usirudi kinyumenyume kama mtu anayemkimbia mbwa huku akimtazama, kwa kuwa hivyo ndivyo watu wanavyoanguka na kuumia. Geuza kiuno kwanza, mguu wa upande wa raketi urudi nyuma, kisha uende kwa hatua za pembeni. Baada ya kila pigo rudi kuelekea katikati, na ukiona mpinzani anakaribia kupiga kabla hujafika, simama hapohapo ulipo na uruke ule mruko mdogo. Ni afadhali kuwa umetulia mahali pasipo kamili kuliko kuwa mbioni kuelekea mahali kamili.

Mashindano ya kimataifa ya Uganda yamekuwa yakichezwa Lugogo, kando ya barabara ya Jinja. Ukipata nafasi nenda, keti nyuma ya mstari wa mwisho wala si pembeni, na kwa mchezo mzima tazama miguu ya mchezaji mmoja bila kukifuata kinyoya. Ndivyo nilivyoelewa kilichomwezesha mtu kama Edwin Ekiring, aliyeiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, kuonekana kana kwamba kinyoya ndicho kinachomfuata yeye.

Hatua ya nne: pigo la kuanzisha

Kinyoya kiguswe kikiwa chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni, ambayo kwa mtu mzima wa kimo cha wastani ni karibu na ubavu wa mwisho. Miguu yote miwili iguse sakafu bila kusogea na bila kukanyaga mstari, na raketi iende mbele mfululizo bila kusita. Alama zako zikiwa shufwa unaanzia kulia, zikiwa witiri unaanzia kushoto.

Katika mchezo wa wanne tumia pigo fupi la mgongo wa mkono. Shika kinyoya kwa ncha za manyoya, kati ya kidole gumba na cha shahada, mbele ya nyuzi, kisha ukisukume kwa upole kipite sentimita chache juu ya wavu na kuanguka mara tu baada ya mstari wa mbele, ulio mita 1.98 kutoka kwenye wavu. Lenga makutano ya mstari huo wa mbele na ule wa katikati, kwani hapo mpinzani hapati pembe pana ya kukurudishia. Mara moja moja zungusha mkono kwa ghafla na ukipitishe kinyoya juu ya kichwa cha mpinzani, ili asizoee kukurukia. Kumbuka kwamba kwa wanne mstari wa nyuma wa kuanzishia uko sentimita 76 ndani ya ule wa mwisho, na kwamba kizuizi hicho ni cha pigo la kuanzisha peke yake. Ugomvi mwingi ninaousikia jioni unatokana na kuichanganya mistari hii miwili.

Kwa wawili, pigo refu la juu kabisa linaloanguka karibu na mstari wa mwisho bado ni zuri, ila hapa kwetu linataka kipimo cha makini. Ukiona limetoka mara mbili mfululizo, rudi kwenye pigo fupi bila kuona haya.

Hatua ya tano: klia, kabla ya mapigo mengine yote ya juu

Klia ni pigo la juu linalokipeleka kinyoya kutoka nyuma kwako hadi nyuma kwa mwenzako. Ndilo linalokupa muda wa kupumua, na pia ndilo shina la mapigo mengine, kwa kuwa dropu, yaani pigo la kukishusha kinyoya taratibu karibu na wavu, na smashi, yaani pigo kali la kukielekeza chini, huanza kwa mwendo uleule.

Geuka ubavu, mkono usio na raketi uelekeze kinyoya, kiwiko cha mkono wa raketi kiwe juu sawa na bega. Kinyoya kinaposhuka, kiwiko kitangulie, kisha kigasha kijizungushe kwa kasi, kama mtu anayerusha jiwe kuangusha embe mtini. Watu wengi wamefundishwa kwamba nguvu hutoka kwenye kifundo cha mkono, wakaishia na maumivu ya kiwiko. Nguvu hutoka kwenye mguu unaosukuma, kiuno kinachogeuka na kigasha kinachojizungusha, nacho kifundo hufuata tu. Kigusie kinyoya juu kabisa, mbele kidogo ya bega, na kwa nyuzi zilizotazama juu kidogo. Miguu ibadilishane hewani ili utue ukiwa tayari unaelekea katikati.

Ukikuta klia zako hazifiki nyuma, usiongeze nguvu kwanza. Angalia kama umesimama chini ya kinyoya au mbele yake, maana mara nyingi utakuta kinyoya kimekupita na unakipiga kikiwa nyuma ya sikio.

Na ikiwa kimeangukia kona ya upande wa mgongo wa mkono, fanya juhudi ya kuzunguka na kukipiga kwa upande wa kiganja, juu ya kichwa. Ukishindwa, kishushe taratibu karibu na wavu. Klia ya mgongo wa mkono ni pigo gumu, na mchezaji wa jioni anayelitegemea humpa mpinzani kinyoya cha nusu uwanja, ambacho ndicho zawadi kubwa kupita zote.

Hatua ya sita: dropu na smashi

Dropu ianze kama klia kabisa, hadi nukta ya mwisho ambapo unapunguza mwendo na kukikata kinyoya kidogo pembeni ili kishuke karibu na wavu. Uzuri wake uko katika kufanana na klia: ukipunguza mwendo mapema, mpinzani atakuona na atakuwa anakusubiri mbele.

Smashi hupendwa mno kuliko inavyostahili. Manyoya ya kinyoya hukipunguzia mwendo haraka sana, kwa hiyo smashi kutoka mstari wa mwisho hufika kwa mpinzani ikiwa imepoteza sehemu kubwa ya kasi yake, ilhali wewe umebaki nyuma umeyumba. Hewa yetu nyepesi huisaidia kidogo, na msaada huo ndio unaotudanganya. Piga smashi pale tu kinyoya kinapokuwa mbele ya mwili wako na umekaribia nusu ya uwanja. Mwinuko wa pembe una thamani kuliko kasi, na mahali pazuri pa kulenga ni nyonga au bega la upande wa raketi ya mpinzani, kwa kuwa pale mkono wake hujikunja na hajui atumie upande gani. Mstari wa pembeni waachie wenye shabaha.

Hatua ya saba: kazi ya karibu na wavu, na kujilinda

Karibu na wavu, fika mapema. Kinyoya kilichoguswa kikiwa karibu na ukingo wa juu kinaweza kudondoshwa upande wa pili kwa mguso mdogo tu, vidole vikiwa vyepesi. Kikiwa juu ya ukingo, kimalize kwa pigo fupi sana, raketi isiende mbali, maana kuugusa wavu ni kosa. Raketi inaweza kufuata upande wa pili baada ya pigo, lakini kinyoya lazima kiguswe upande wako. Kikiwa kimeshashuka, kiinue juu na mbali, hadi kona ya nyuma. Kukiinua nusu nusu ni kujitakia smashi.

Ukipigiwa smashi, usishindane nayo. Weka raketi mbele ya mwili, tumia mgongo wa mkono kwa sehemu kubwa ya mwili, na ukiache kinyoya kigonge nyuzi kisha kidondoke mbele, moja kwa moja. Aliyepiga smashi yuko nyuma, na safari yake kuja mbele ni ndefu.

Hatua ya nane: mbinu za wanne

Kwa kuwa viwanja ni vichache, karibu michezo yetu yote ya jioni ni ya wanne, na hapa ndipo jozi ya watu wa kawaida inayoelewana huwashinda wawili wenye mikono mizuri wasioelewana. Jambo la msingi ni namna ya kusimama. Upande wenu unapopiga kuelekea chini, mmoja akae mbele na mwingine nyuma. Upande wenu unapokiinua kinyoya, tawanyikeni, kila mmoja na nusu yake ya uwanja. Aliyeinua asirudi nyuma akitazama tu, bali aende upande ulio karibu naye, na mwenzake achukue uliobaki.

Aliye nyuma na apige smashi na dropu zake nyingi moja kwa moja au katikati. Ukipiga kwa mshazari ukiwa nyuma, kinyoya kitarudishwa moja kwa moja kwenye upande ulioachwa wazi, na mwenzako wa mbele hatakifikia. Aliye mbele asigeuke kumtazama mwenzake. Ainue raketi na kuyatazama mapigo ya wapinzani, akisubiri kile kinyoya dhaifu kinachorudi.

Kinyoya cha katikati ndicho chanzo cha lawama. Mkubaliane kabla ya kuanza: mkiwa mmesimama sambamba, atakichukua yule ambaye katikati iko upande wa kiganja chake, nanyi mtamke kwa sauti, "Changu!" au "Chako!" Mzee mmoja aliyenifundisha mengi, mwenye umri wa kuwa babu yangu, alikuwa akisimamisha mchezo kabisa iwapo hatukusema. Mimi nilikuwa nikimwitikia "Ndiyo, mzee" na kusahau tena, hadi siku mwenzangu na mimi tulipogonganisha raketi na ya kwangu ikavunjika.

Walengeni wapinzani katikati yao, hasa mnapoona hawasemi. Wanawake wetu walipofika Chengdu, China, mwaka 2024 kushiriki Uber Cup, yaani mashindano ya dunia ya timu za wanawake, walikuwa wakikutana na jozi kutoka nchi kama Japani na Indonesia, na mtu akitazama jozi za kiwango hicho ataona jinsi pointi nyingi zinavyozaliwa na mpira wa katikati na wa mwilini, bila mistari ya pembeni kuguswa.

Kwa mchezo wa wawili nitasema kifupi: peleka kinyoya kwenye kona nne, anzia ile ya nyuma upande wa mgongo wa mkono, na ukiwa umechelewa piga moja kwa moja badala ya mshazari, kwa sababu safari yako ya kurudi katikati itakuwa fupi.

Hatua ya tisa: kupanga saa moja ya mazoezi

Ukiupata uwanja kwa saa moja, dakika kumi za kwanza zitumie kwa viungo na ule mruko mdogo bila raketi. Dakika kumi na tano ziwe za klia peke yake, mkihesabu ngapi zimeanguka ndani ya mita moja ya mwisho. Dakika kumi ziwe za pigo fupi la kuanzisha, kila mmoja arobaini, mkiwa mmefunga uzi sentimita 20 juu ya wavu ili kinyoya kipite katikati ya uzi na wavu. Dakika kumi zinazofuata, mmoja apige dropu na mwingine ainue, kisha mbadilishane. Zilizobaki chezeni, lakini anzeni mkiwa 17 kwa 17 badala ya sifuri. Mchezo unaisha kwa pointi 21, zikifika 20 kwa 20 inatakiwa tofauti ya mbili, na kikomo ni 30, kwa hiyo kwa dakika chache mtapata michezo mitatu au minne inayoamuliwa na pigo la kuanzisha na utulivu. Umeme ukikatika katikati, kama inavyotokea, fungueni milango na kukaa mkizungumzia namna ya kusimama, maana jambo hilo halihitaji taa.